Mkwe Wangu Ana Njaa, na Ufunguo wa Ghala Ninao Mimi

Kwa Bibi Verediana, mshauri wetu, Iringa.

Mama mpendwa, nakusalimu sana, na baada ya salamu nakuomba unishike mkono maana nimefika mahali ambapo mbele sioni na nyuma siwezi kurudi. Gazeti lako hufika huku kwetu kwa lori, mwalimu akishalisoma hupita nyumba hadi nyumba mpaka linachakaa, nami huanza na ukurasa wako kabla ya habari nyingine zote, na mara nyingi nimecheka namna unavyowagombeza watu, sikujua kwamba iko siku nitaomba kugombezwa mimi.

Mimi ni Mnyakyusa wa huku juu milimani, njia ya Tukuyu, nina miaka ishirini na mitatu, nilisoma mpaka darasa la nne shule ya misheni, nimeolewa ndoa ya kanisa, na mume wangu yuko Rodesia kwenye migodi ya shaba, huu ni mwaka wa pili, ameniacha na mimba na sasa mtoto wetu Danieli ana miezi kumi na mmoja na baba yake hajamwona. Usharika wetu una ghala la chakula, nyumba ndogo ya miti na udongo iliyoinuliwa juu ya mawe ili panya wasiingie, na kila nyumba ikivuna huleta kikapu kimoja cha mahindi na kibaba cha maharage, na asiye na shamba huja kupiga mahindi fimbo na kupeta, kisha ghala hufungwa mpaka Januari, miezi ya njaa ikianza tunalifungua kila Alhamisi na wenye shida hupimiwa pishi moja moja mpaka mahindi mabichi yatoke. Kwa kuwa najua kusoma na kuandika wazee wa kanisa walinipa mimi ufunguo, nikawa mpimaji, nami mama nisikufiche nilijisikia mtu.

Mwaka uliopita watu walitudanganya, nyumba moja inatuma watu watatu kwa majina matatu, wengine wanarudi na vikapu vitupu, ikawa ugomvi, na katika kikao cha wazee mimi ndiye niliyesimama nikasema, mwenye njaa aje mwenyewe, ashike kikapu chake kwa mikono yake, nimpimie nikimwona. Walipiga makofi. Mzee Saulo, ambaye ndiye mkubwa wa wazee wa kanisa, alisema, "Huyu mtoto ana akili kutushinda sisi wenye mvi," na mwalimu akaiandika sheria yangu kwenye karatasi tukaigonga mlangoni kwa misumari.

Sasa mwaka huu mvua ya mawe ilipiga siku mbili kabla ya Krismasi, imelaza mahindi, imechana migomba, maharage yameoza chini, na watu waliokuwa wanaleta ndio sasa wanaokuja kuomba, wenzetu wa Chimala walituletea magunia matatu ya mchele kwa lori na bila hayo tungekuwa tumekwisha kufunga mlango. Kila Alhamisi nasimama pale tangu asubuhi, nawaona mmoja mmoja, napima, na sheria nimeishika sawasawa bila kujali sura ya mtu. Yuko bibi mmoja anaitwa Damari, miguu yake mibovu, alimtuma jirani na kikapu, nikakirudisha kitupu, wiki ya pili akatuma tena nikakirudisha tena, wiki ya tatu akaja mwenyewe na fimbo, ametoka kwake alfajiri amefika saa sita mchana, nikampimia vizuri nikaongeza na kiganja, nikawaambia waliokuwa pale, mnaona, mtu akitaka anaweza.

Mama, kitu chenyewe kinachoninyima usingizi ni baba mkwe wangu. Wewe ni Mhehe na labda mila yetu huijui vizuri, kwetu mke haonani na baba wa mumewe, hamtazami, hasemi naye, hakai naye chini ya paa moja, akikutana naye njiani huingia majanini akachuchumaa na kujifunika uso mpaka mzee apite, na jina lake hatamki kabisa, hata hapa siliandiki. Ndiyo sababu wazee wana kijiji chao na sisi vijana tuliooa tuna chetu, kati yetu na wao kuna kijito. Wakristo wengine siku hizi wamelegeza lakini mkwe wangu si Mkristo na mimi nimelelewa na bibi yangu, adabu hii niliimeza na maziwa. Zamani chakula nilikuwa napika nampa mama mkwe anamchukulia, mama mkwe alifariki Juni, baada yake wifi yangu Anyitike akawa anakuja kuchukua, Novemba akamfuata mumewe Chimala kwenye mpunga, na baada ya hapo mama sikumtafuta mtu mwingine. Nilijiambia yule mzee ana migomba yake, ana maharage yake, ni mwanamume, hatakosa. Ng'ombe zake za mwisho tatu zilitoka kwenda kwa baba yangu kwa ajili yangu mimi, hazikurudi nyingine.

Mwisho wa Januari, siku ya Alhamisi, watu wamepanga mstari, nikasikia anakohoa kwenye kona ya njia, mzee wa kwetu akikaribia mahali penye mkwe wake hukohoa ili mkwe ajitayarishe, nami nikaruka kutoka mlangoni nikaenda nyuma ya ghala nikachuchumaa, kanga kichwani, kikapu alikuwa amekibana kwapani, nikakaa pale mpaka wanawake wakaniita wakisema ameondoka. Wakanisifu, wakasema mama Danieli darasa la nne halikumharibu. Alhamisi ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mimi nilifikiri anapita kwenda kwa rafiki yake upande wa juu. Alhamisi ya nne hakuja.

Jumapili baada ya ibada, Esta, jirani yangu ambaye mjomba wake anakaa kijiji cha wazee, akanivuta pembeni, akaniambia, "Gwe mama Danieli, we unajua mkwe wako anakula nini?" Nikasema anakula kama watu wengine. Akasema, "Anakula shina la mgomba. Nimemkuta anamenya shina la mgomba kama nguruwe wa porini, na miguu imevimba, na hatoki tena kuota jua. Sisi wote tulijua kwako kunapikwa mara mbili. Mwenye ufunguo wa ghala, nani angefikiri?"

 Jumatatu nilifungua ghala peke yangu, nikapima pishi ya mchele, nikampa Esta apeleke kwa siri. Akarudi nayo. Akasema mzee ameuliza, chakula hiki ni cha nyumbani kwa mwanangu au ni cha ghala, na Esta hajui kusema uongo, akasema ni cha ghala, na mzee akasema, "Mwambie mama Danieli, ndaga fijo, asante sana. Kingekuwa cha nyumbani kwa mwanangu ningekula sasa hivi. Cha ghala kina sheria na sheria nasikia ni ya kwake. Damari alikwenda kwa miguu yake. Mimi nilikwenda mara tatu, mara tatu mpimaji hakuwepo." Nami nyumbani nilikuwa sina kitu cha maana, ni viazi tu vya bondeni kidogo na vingine nimeweka mbegu, nikaona haya kupeleka viazi.

Nikamwendea Mzee Saulo, akaniambia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, kama tukimpelekea mkwe wako nyumbani yule Damari atasema nini, ngoja kikao baada ya Pasaka tutazungumza. Mchungaji anakaa mbali na huku hufika mara moja kwa mwezi.

Sasa Mama nishauri. Niache kazi ya ghala ashike mwingine, ili mzee aje bila kuniona? Lakini hawezi tena kutembea. Nivunje sheria niliyoiweka mwenyewe, watu waseme nimeilegeza kwa ajili ya jamaa yangu? Au nivunje mwiko, niingie nyumbani mwake nimlishe kwa mkono wangu, ambapo bibi yangu alisema mwanamke akifanya hivyo mtoto wake hudhoofika, na ninaogopa kwa Danieli ingawa najua Mkristo hapaswi kuogopa, tena ninaogopa kwamba mzee mwenyewe akiniona nimesimama mbele yake atakufa kwa aibu kabla ya njaa. Usiku nalia, mchana napima chakula cha watu. Naomba unijibu haraka, na je, Mungu atanisamehe?

Ni mimi mwana wako,
Mama Danieli
Njia ya Tukuyu, 23 Februari 1955

—

Mama Danieli,

Kwanza wasomaji wangu wengine wanivumilie. Majibu haya niliyatuma kwa basi la Mbeya siku ileile barua ilipofika, kabla hata ya kumpa mpiga chapa, maana mwenye njaa hangoji gazeti. Majina nimeyabadili. Anayedhani anamjua mwenye barua, anyamaze.

Pole, mwanangu. Nasema pole na sisemi kwa mdomo tu. Una miaka ishirini na mitatu, mume yuko mbali, mtoto mgongoni, na wazee wenye mvi wamekutwisha ghala la watu wote, wakishakupigia makofi wakaenda zao. Mzigo ule si wa shingo moja. Na umefungua moyo ukaandika, wakati wengi wangenyamaza mpaka matanga. Hilo nakupongeza.

Sasa keti chini, nikugombeze kama ulivyoomba.

Umeniuliza maswali marefu juu ya sheria na mwiko. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nikaona kitu kidogo ulichokipitisha haraka haraka katikati ya maneno mengine, kama mtu anayepitisha kuku wa wizi sokoni. Umeandika kwamba Alhamisi ya kwanza mzee alikuwa na kikapu kwapani. Halafu mistari miwili chini unasema ulifikiri anakwenda kwa rafiki yake. Mwanangu, mzee gani huyo, kwenu au kwetu, anayekwenda kupiga soga na rafiki yake akibeba kikapu kitupu, siku ya ghala, saa ya ghala, kwenye njia ya ghala?

Ulijua. Sisemi ulijua kwa kichwa chote. Ulijua kama mtu anavyojua kwamba sufuria imeanza kuungua lakini bado anamalizia hadithi yake. Uliona kikapu, na kitu ndani yako kikasema: baba wa mume wangu, kwenye mstari wa maskini, mbele ya watu wote wanaonisifu! Kisha akakohoa, na kile kikohozi kikakuokoa. Ukakimbia nyuma ya ghala, ukajifunika kanga, na watu wakasema una adabu. Adabu ile ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini Alhamisi hizo tatu ilikufaa sana.

Na usifikiri uko peke yako. Mstari mzima wa watu ulimwona mzee amekuja na kikapu na amerudi na kikapu. Kila mmoja akajiambia, kwa mama Danieli kunapikwa. Waliridhika hivyo kwa sababu kuridhika ni rahisi. Lakini ufunguo unao wewe, kwa hiyo barua imekuja kutoka kwako.

Tuje kwenye hii sheria. Mzee Saulo anasema ni msumeno. Ni kweli. Lakini msumeno una mpini, na mpini umeushika wewe na yeye. Mliitunga kwa ajili ya kuwakamata watu wawili watatu wenye tamaa. Mmewakamata? Mwenye tamaa ana miguu mizima, mwanangu. Anakuja mapema, anasimama wa kwanza, anashika kikapu kwa mikono yake kama sheria inavyotaka. Aliyebaki nje ni mwenye miguu mibovu, mwenye homa, mwenye haya. Ghala lenu mwaka huu limewalisha wenye njaa wanaoweza kutembea.

Na yule Damari! Nilipofika hapo niliweka barua chini nikanywa maji. Bibi kizee ametambaa na fimbo tangu alfajiri mpaka saa sita, kwa ajili ya pishi moja, na wewe ukamwonyesha kwa watu kama somo la ubaoni. "Mtu akitaka anaweza." Kiganja ulichomwongezea hakikufuta neno hilo. Mkwe wako amelisikia, ndiyo maana amekujibu kwa jina la Damari. Mzee yule ana njaa lakini akili yake imeshiba. Anakuambia kwa upole kwamba hatakubali kulishwa kwa mlango wa nyuma wakati mwenzake alikokotwa mlango wa mbele. Umepata mkwe mwenye heshima, na wengi wangekuonea wivu.

Halafu viazi. Alituma neno wazi kuliko mbalamwezi: kingekuwa cha nyumbani kwa mwanangu ningekula sasa hivi. Sasa hivi, alisema. Nawe una viazi ndani, unaona haya! Haya ya nini? Viazi vyako vina mwiko gani? Na usiniambie vya mbegu. Mbegu utaazima kwa Esta, utaazima kwa mwalimu, Anyitike atakutumia kitu kutoka Chimala ukimwandikia. Mimi nimeona watu wakila mbegu, nimeona na waliozika mtu huku mbegu ziko darini. Hao wa pili hawapendi kupanda tena shamba lile.

Umeniuliza uvunje mwiko au usivunje. Mimi Mhehe wa Mlandege siwezi kukaa hapa nikabomoa nyumba za Wanyakyusa kwa kalamu. Wako wahubiri watakaokuambia mwiko ni ushenzi, nenda ukamkumbatie. Usiende. Si kwa sababu ya Danieli, mtoto wako hatadhoofika kwa bibi yako kusema hivyo, mnyonyeshe na uache kumtazama kwa woga. Usiende kwa sababu mzee hajakuomba uje. Hana ng'ombe, hana mke, hana nguvu ya kusimama. Kilichobaki mkononi mwake ni heshima aliyoishi nayo, na wewe si wa kumnyang'anya hiyo ili moyo wako upate nafuu. Mwiko wenu umewakataza kuonana. Haukusema baba asile. Wanawake wa kwenu wamewalisha wakwe zao miaka mia bila kuwatazama usoni, na mama mkwe wako alikuonyesha jinsi ya kufanya mpaka Juni alipofariki. Kilichokatika hapo ni mtu wa kuchukua chungu tu, nawe hukutafuta mwingine.

Basi fanya hivi, na ufanye leo.

Chemsha viazi vyako uviponde viwe laini na vyepesi, kama chakula cha Danieli. Usimpelekee ugali wala kitu kizito. Tumbo lililokaa na shina la mgomba likipigwa na ugali siku ya kwanza, linaweza kumuua mtu mbele ya sahani. Uji mwepesi, maziwa kama yuko jirani mwenye ng'ombe, kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, siku nne au tano. Miguu iliyovimba haiponi kwa chakula peke yake. Mjomba wa Esta na wazee wenzake wamtengenezee machela wampeleke zahanati mara atakapoweza kubebwa.

Mpe Esta chungu. Lakini wewe usibaki nyumbani. Mfuate mpaka ng'ambo ya kijito, ukae nyuma ya migomba, mgongo umeupa nyumba kama mila inavyotaka, na mtoto wako mapajani. Ungoje pale mpaka Esta atoke akuambie amekula. Mzee atajua uko pale. Na kabla ya chungu kuingia, Esta aseme maneno haya, asiongeze wala asipunguze: "Mkwe wako anasema, baba, nilikiona kikapu."

Najua. Hayo ndiyo magumu kuliko kuvunja mwiko. Ndiyo sababu nakuagiza hayo.

Ukitoka hapo mchukulie Damari pishi yake kichwani mwako, mpaka mlangoni pake, upige magoti. Ikiwa Mzee Saulo atauliza ni kwa amri ya nani, mwambie ni amri ya mwenye sheria, maana sheria ile ni yako na uliyeifunga ndiwe wa kuifungua. Usingoje Pasaka. Jumapili hii baada ya ibada simama useme kwa sauti: "Nilitafuta wezi wawili, nikawafungia nje wenye njaa. Nimekosea." Watasema umeilegeza kwa ajili ya mkwe wako. Waache waseme, tena ni kweli, ulifumbuliwa macho na mkwe wako. Bora umefumbuliwa. Ila Damari apelekewe mbele ya macho yao, na wengine wote waliolala ndani wapelekewe, ndipo maneno yatakauka yenyewe.

Kuhusu namna ya kugawa, nitakuambia nilichokiona Nyololo miaka miwili iliyopita, mahindi yalipokauka kule. Kina mama wa pale walikuwa na ghala kama lenu. Hawakupanga mtu kwenye mstari. Kila mwanamke alipewa njia moja ya nyumba kumi au kumi na mbili, njia anayopita kila siku kwenda kuteka maji, kwa hiyo anajua jiko lipi linatoa moshi na lipi halijatoa tangu juzi. Yeye ndiye anayekuja ghalani kuchukua, yeye ndiye anayepeleka. Nilimwuliza kiongozi wao, mama mmoja mnene anaitwa Severina, je, hamwibiwi? Akacheka mpaka akashika kiuno. "Tunaibiwa," akasema, "vibaba viwili vitatu hivi. Lakini hatujazika mtu." Nimelichukua neno hilo nimekaa nalo mpaka leo.

Na ufunguo usiuache. Kuacha kazi sasa ni kuchuchumaa nyuma ya ghala mara ya nne. Tafuta wanawake wawili wengine, mpokezane wiki kwa wiki, na siku ambayo yuko jamaa yako wa mwiko, apime mwenzako. Mmoja wao awe mtu asiyependwa sana na watu, huyo hatasifiwa, kwa hiyo atapima vizuri.

Mwandikie na mume wako. Usimfiche. Ni baba yake.

Umeniuliza mwisho kabisa kama Mungu atakusamehe. Hilo ulimwulize mchungaji akija, mimi ni mwanamke wa gazeti. Mimi naweza kukuambia jambo moja tu ninalolijua, nami sijawahi kuliandika hapa miaka yote hii.

Nilikuwa mkunga Mlandege, kijana kama wewe, natembea nyumba za watu mchana kutwa, nawakanda mama za wenzangu, nawapikia uji, watu wananisifu njia nzima. Mama mkwe wangu alikaa chumba cha pili. Alipata homa. Siku nne hakuniita, kwa sababu aliniona narudi nimechoka. Siku nne sikuingia kumwuliza, kwa sababu hakuniita. Ya tano nikamkuta kimya. Nilimwomba radhi akiwa amekwisha kufungwa sanda, nikamwomba tena kaburini, na bado namwomba mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni, na nywele zangu zimekuwa nyeupe kama zake. Hajanijibu.

Wako bado anaweza kujibu, mwanangu. Hata kama ni kwa mdomo wa Esta, hata kama ni kukutukana. Barua hii ikunje, uiweke. Washa moto.

Bibi Verediana